Siku tatu Jeongseon, mji wa gulio la tarehe mbili na saba

Siku ya kwanza: Ijumaa, 16 Mei

Basi la Jeongseon huondokea kituo cha Dong Seoul, kinachotazamana na stesheni ya Gangbyeon. Huu ni mwaka wangu wa pili Seoul, nasoma, na kila nilipowaambia wenzangu wa darasani kwamba nataka kuiona Korea ya shamba walinijibu neno lilelile: nenda Jeongseon, ila angalia kalenda kwanza.

Kalenda yenyewe ni hivi. Soko la Jeongseon ni gulio la siku tano, Wakorea wanaliita oiljang. Linakaa tarehe zinazoishia na 2 na 7: tarehe 2, 7, 12, 17, 22 na 27. Iwe Jumatatu, iwe Jumapili, hawajali. Miji ya jirani nayo ina zamu zake: Jinbu tarehe 3 na 8, Daehwa 4 na 9, Imgye 5 na 10. Mchuuzi mwenye kipikapu chake anazunguka nazo, leo hapa kesho pale, na baada ya siku tano amerudi alikoanzia. Mtu wa Moshi hahitaji kuelezwa mara mbili, maana masoko ya uchagani yanapokezana siku vivyo hivyo. Zamani waliozunguka walikuwa wachuuzi wa miguu, bobusang, wengine na mafurushi ya nguo, wengine na mzigo mgongoni juu ya jige, chanja la mbao lenye miguu miwili na kamba za mabegani. Kutoka gulio hadi gulio ulikuwa mwendo ambao mtu mwenye mzigo anaweza kuumaliza kwa siku moja. Gulio la Jeongseon kwa sura yake ya sasa lilianza mwaka 1966.

Saa tatu barabarani, na saa moja ya mwisho yote ni milima. Sijaona mahali penye tambarare ndogo kama hapa. Kila kipande cha ardhi kinachoweza kushika udongo kimelimwa, matuta yamefunikwa plastiki nyeusi, mengine yamepanda mteremko mpaka unajiuliza mkulima anajifunga kamba kiunoni au vipi.

Mji niliukuta umelala. Saa kumi alasiri, maduka nusu yamefungwa, mbwa mmoja katikati ya barabara, mto Joyang unapita chini ya daraja bila haraka. Nilipata chumba kwa mama mmoja wa miaka sitini na kitu. Chumba hakina kitanda: unatandika godoro jembamba juu ya sakafu inayopashwa moto kwa chini. Nilimwita imo, yaani mama mdogo, dada yake mama. Ndivyo vijana wa Korea wanavyowaita akina mama wa migahawa na wa nyumba za wageni, na mimi neno hilo lilinikaa mdomoni tangu wiki ya kwanza, maana hata kwetu mwanamke wa rika la mama huwezi kumwita kwa jina.

Nilimuuliza mbona mji uko kimya hivi. Akacheka. "Kesho tarehe ngapi?" Kumi na saba, nikamwambia. "Basi lala mapema."

Kabla sijalala alinieleza habari za makaa ya mawe. Wilaya hii ilikuwa ya wachimbaji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na watu zaidi ya 130,000. Leo hawafiki 40,000. Mwaka 1989 serikali ilianza mpango wa kufunga migodi isiyolipa, na Sabuk na Gohan, miji ya makaa kusini mwa wilaya, ikakauka. Mwaka 2000 kikafunguliwa huko jumba la kamari, la pekee nchini ambalo Mkorea mwenyewe anaruhusiwa kuingia; yaliyobaki yote ni ya wageni tu. Imo hakutaka kusema zaidi juu ya jumba hilo. Alisema tu kwamba mume wake alichimba makaa, kwamba mapafu yalimsumbua, na kwamba yeye hajawahi kukanyaga huko.

Siku ya pili: Jumamosi, 17 Mei

Saa kumi na mbili na nusu nilishtushwa na kelele za masanduku. Nilipofungua dirisha, mtaa niliouacha mtupu jana ulikuwa umejaa mapikapu, na watu wanafunga turubai.

Nilienda kwanza kituo cha mabasi ya vijijini kuwaona wanavyoshuka. Hao ndio wenye gulio. Vikongwe, karibu wote wanawake, nywele fupi zilizosokotwa mawimbi kwa dawa, kofia za jua zenye ukingo mpana, suruali za maua zilizolegea. Kila mmoja ana kigari cha magurudumu mawili au furushi la kitambaa. Dereva alishuka kuwasaidia mizigo, na yule wa mwisho akamsukumia yai la kuchemsha mkononi kabla hajakataa.

Katikati ya Mei ndipo baridi ya usiku inapoacha kutisha milimani, kwa hiyo asubuhi nzima ilikuwa ya miche. Pilipili, nyanya, mabiringanya, matango, viazi vitamu, vyote katika trei nyeusi zenye vishimo. Wanaume wanainama, wanapindua jani kuangalia chini yake, wanasimama, wanaenda kwa mwingine, wanarudi. Karibu na miche kuna mzee wa zana. Hapo nilinunua kitu cha kwanza: homi, kijembe cha mkono kisichozidi urefu wa mkono kutoka kiwiko, bapa lake limepinda na kuchongoka kama mdomo wa ndege. Mkulima anachuchumaa, analima na kupalilia kwa mkono mmoja. Nilimuuliza mzee kama linafaa kwa bustani ya mchicha. Mchicha haujui, lakini akanionyesha: bapa la kusogeza udongo, ncha ya kung'oa magugu, ubavu wa kufukia mbegu. Vitu vitatu kwa chuma kimoja. Mama yangu atalipenda, kama litafika.

Wale vikongwe hukaa chini, pembeni, nje ya vibanda vyenye paa. Wengi wamevaa kitambulisho shingoni. Nilidhani ni vya usafi wa soko, kumbe ni hati ya kwamba bidhaa ni ya hapa hapa, imelimwa au kuchumwa Jeongseon. Kimeandikwa sintoburi: mwili na ardhi si viwili. Kwa maana nyingine, kula kinachoota pale unapoishi. Nilijifunza haraka kununua kwa wenye vitambulisho, kwa sababu katika vibanda vya ndani kuna bidhaa ambazo ungezikuta soko lolote la Korea: soksi, mizizi ya dawa kwenye mifuko inayofanana, peremende. Wageni wa Seoul, waliovaa makoti ya kupandia milima yenye rangi kali, walijazana humo. Nje kwa vikongwe palikuwa na nafasi ya kupumua.

Na nje ndiko nilikojisikia nyumbani kwa namna ambayo sijaisikia tangu nifike nchi hii. Hakuna mizani. Vitu vinauzwa kwa fungu. Fungu la majani ya chwi, fungu la machipukizi ya dureup, fungu la mizizi ya deodeok yenye harufu kali, kila moja limepangwa kwenye bakuli la plastiki jekundu na bei ni ya bakuli. Ukishalipa, unangoja. Hutakiwi kusema kitu. Mwenye mali anatazama fungu, anakutazama wewe, anachota gao moja zaidi anatupia. Wanaiita deom. Kwetu ni nyongeza, na usipoitoa mteja harudi.

Kikongwe wa kwanza niliyenunua kwake aliniita chonggak, kijana ambaye hajaoa. Akauliza natoka wapi. Tanzania. Akageuka kwa jirani yake: "Anatoka Tanzania." Jirani akauliza ni mbali? "Mbali," akajibu, kama aliyewahi kwenda.

Alikuwa anauza gondre. Ni jani la porini, jamaa ya alizeti, lenye vimiiba vidogo pembeni, linalochumwa milimani majira ya kuchipua, linachemshwa, linakaushwa. Alinipa kikavu nikinuse. Sijui niseme nini. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa bibi yangu, Kondoa, mlenda wa kukausha ndani ya kibuyu, mwezi wa pili, wakati mahindi mapya bado. Nilimwambia bibi yangu naye alikausha majani hivi. Hakushangaa hata kidogo. "Alikuwa na njaa?" akauliza. Nikasema ndiyo, wakati mwingine. "Na sisi," akasema.

Akanieleza. Milimani hapa mpunga hauoti vizuri. Walilima mahindi, mtama, viazi na memil, ile nafaka ya punje za pembe tatu yenye unga wa kijivu. Mwezi wa nne na wa tano, akiba imeisha na shayiri haijaiva, walichanganya gondre na kinafaka kidogo walichonacho ili sufuria ionekane imejaa. Leo gondre-bap, wali wa gondre, ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila mgahawa wa mji. Watu wanasafiri saa tatu kuja kuila. "Wazimu," alisema, huku akinifungia mfuko wa pili.

Mchana nilikaa kwenye meza ndefu ya mama lishe mmoja kuangalia akipika. Jiko lake ni mfuniko wa chungu cha chuma uliogeuzwa, umenyanyuka katikati, unang'aa weusi. Anachukua kipande cha figili, anakichovya kwenye mafuta, anakizungusha juu ya chuma. Figili hiyo ndiyo brashi yake. Kisha anamwaga uji mwepesi wa memil na kuutandaza kwa mgongo wa upawa mpaka uwe mwembamba wa kuona chuma chini yake. Jani la kabichi lililolowekwa chumvi linawekwa juu, anageuza kwa vidole vitupu, basi. Hiyo ni buchimgae. Ile nyingine, jeonbyeong, inajazwa kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, iliyokatwakatwa na kukunjwa kama mkeka. Ya tatu ndiyo iliyonikamata: bukkumi ya unga wa mtama, nyekundu kama udongo wa Dodoma, imekunjwa nusu mwezi juu ya maharage mekundu yaliyopondwa. Mtama wetu kabisa. Nilikula tatu.

Halafu akaniletea bakuli la olchaengi guksu. Jina lake maana yake tambi za viluwiluwi, na ukiziona huwezi kubisha: vitu vifupi vya njano, vyenye kichwa na mkia, vinaogelea kwenye mchuzi baridi. Hakuna kiluwiluwi ndani. Ni mahindi mabichi yaliyosagwa na kupikwa hadi uji mzito, kisha uji unamiminwa, bado wa moto, kwenye kibuyu chenye matundu, nao unadondokea kwenye maji baridi na kuganda vipande vipande. Havitafunwi hivi. Unavimeza, vinateleza. Ladha ni ugali uliopoa, na nitasema ukweli, ugali uliopoa ni ugali uliopoa hata ukiupa mkia.

"Tamu?" mama aliuliza.

"Tamu, imo."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema yeye alikula hizo tangu utotoni mpaka alipoolewa, na tangu hapo hajaweka kinywani hata moja. Anazipika kwa ajili yetu.

Kituo kilichofuata hukuhitaji kukitafuta; ulikisikia. Mzee anakaa mbele ya pipa la chuma linalozunguka juu ya moto wa gesi. Mstari wa makopo uko pembeni yake, kila kopo lina mahindi au mchele wa mtu, na wenye makopo wamekaa kwenye kivuli wanapiga soga. Pipa likishapata joto lake anasimama, anatia kapu la waya mdomoni, anapaza sauti "Ppeong-iyo!" na watoto wote wanaziba masikio. Mlipuko, wingu jeupe, kisha harufu ya bisi mtaa mzima. Mara ya kwanza niliruka. Mara ya tatu nilikuwa nimeziba masikio pamoja na watoto.

Alasiri kulikuwa na nyimbo kwenye jukwaa la soko. Arirang ni wimbo wa jadi wa Wakorea, na ya Jeongseon, wenyewe wanaiita Arari, si ile unayoisikia kwenye sherehe za kitaifa. Ni ya polepole, imekokotwa, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Mkoa wa Gangwon uliiweka ya kwanza kwenye orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 1971, na mwaka 2012 Arirang za Korea ziliingia kwenye orodha ya UNESCO. Wazee husema ilianzishwa na watumishi saba wa dola ya Goryeo waliokataa kuitumikia Joseon, dola iliyoifuata, baada ya 1392 wakajificha kwenye milima hii. Inawezekana. Lakini beti nilizotafsiriwa na kijana aliyekaa kando yangu hazikuwa za dola. Zilikuwa za mume mtoto, za mvua, za mapenzi yaliyokatizwa na mto. Wanawake watatu waliimba kwa kupokezana, na mmoja akiimba, wawili wanamtazama kwa macho ya watu wanaojua ubeti unaofuata utamhusu nani.

Saa kumi na moja kasoro turubai zilianza kushuka. Nilimpitia yule kikongwe wa gondre. Alikuwa ameshafunga furushi, amekaa juu yake kusubiri basi. Nilimuuliza kama tarehe 22 atakuwepo.

"Mvua isiponyesha," akasema. "Na magoti yakikubali."

Nilipomuuliza nani atachukua nafasi yake, alinionyesha kwa kidevu mwanamke aliyekuwa anakunja turubai upande wa pili. Binti yake? Hapana. Ni mdogo wao kuliko wote kwenye safu ile. Ana miaka sabini na moja.

Siku ya tatu: Jumapili, 18 Mei

Mpango ulikuwa kuendesha baiskeli ya reli. Kutoka Gujeol-ri hadi Auraji kuna kilomita 7.2 za reli ya zamani ya makaa, iliyofika huko mwaka 1974. Treni ziliacha kwenda mwaka 2004, na mwaka uliofuata wakaweka vigari vya kukanyaga kwa miguu. Tiketi zilikuwa zimekwisha. Jumapili, Mei, nilitegemea nini? Nikapanda basi la kijiji hadi Auraji nikatembea.

Auraji ni pale vijito viwili, Songcheon na Goljicheon, vinapokutana. Maji yako wazi mpaka unahesabu mawe chini. Ng'ambo kuna sanamu ya msichana anayetazama mto: hadithi inasema mchumba wake alikuwa upande wa pili, mto ukafurika, na mvushaji hakuweza kuvusha. Ndio mto wa ule wimbo wa jana. Nilivuka kwa mawe yaliyopangwa majini, maji hayakufika hata magotini, nikaona aibu kidogo kwa niaba ya hadithi.

Lakini mto huu ulifanya kazi kubwa kuliko kutenganisha wapenzi. Misonobari ya milima hii ilikatwa, ikafungwa kuwa vyelezo virefu na kuelekezwa majini majira ya maji mengi, ikafuata mto Namhan hadi mto Han na mji mkuu. Jumba la kifalme la Gyeongbokgung lilipoanza kujengwa upya mwaka 1865, mbao zilihitajika kupita kiasi, na waendesha vyelezo walirudi na fedha ambazo mkulima wa memil hakuwahi kuziona. Chelezo hicho kinaitwa tte. Mpaka leo Mkorea akipata pesa nyingi ghafla husema amepata ttedon, na watu wa hapa watakuapia kwamba neno lilizaliwa mtoni kwao. Wengi wa wanaume hao walizama kwenye maporomoko ya huko chini. Hilo pia limo kwenye Arari.

Nilirudi mjini mchana. Mtaa wa gulio ulikuwa na watalii wachache wa Jumapili na vibanda vya ndani, lakini kule pembeni, pale walipokaa vikongwe, palikuwa na lami tu na jani moja la kabichi. Imo alinipa viazi viwili vya kuchemsha vya njiani, akakataa pesa, nikaviacha kwenye begi pamoja na homi na mifuko miwili ya gondre. Treni ya jioni inashuka polepole bonde baada ya bonde. Harufu ya gondre ilijaza behewa. Bwana mmoja wa makamo aliyekaa mbele yangu aligeuka, akatazama begi, akatazama uso wangu, akasema kwa upole kwamba niloweke usiku kucha, nisiharakishe.

Nyongeza: Jumatatu usiku

Nililoweka. Nikachemsha, nikakamua, nikakatakata, nikaweka juu ya mchele. Inatakiwa mafuta ya deulkkae, yaani mbegu za perila, na mchuzi wa soya wenye vitunguu. Mafuta hayo sikuwa nayo, nikasaga karanga. Nikampigia picha mama yangu, sufuria nzima, mvuke ukipanda.

Alijibu kwa sauti, sekunde nne. Hakuuliza ni jani gani wala limetoka wapi.

"Chini umeunguza. Punguza moto."